Ngozi ya Mafuta, Chunusi na Madoa: Tunatibu Nini Hasa?

Kijana akiingia duka la vipodozi Kariakoo au Darajani akaulizia dawa ya chunusi, mara nyingi hutoka na vitu viwili: sabuni kali ya kukausha mafuta na krimu ya kuondoa madoa. Muuzaji hana nia mbaya. Anajibu anachokiona usoni kwa mteja, na kinachoonekana ni kung'aa na alama nyeusi. Lakini mafuta si ugonjwa, na doa ni kilichobaki baada ya ugonjwa kupita. Ugonjwa wenyewe uko katikati, ndani ya kinyweleo kilichoziba na kuvimba. Huo hauonekani vizuri, hauulizwi, na vitu vile viwili kwa kawaida haviugusi. Kwa jinsi ninavyoyaona mambo, sehemu kubwa ya mateso ya wenye ngozi ya mafuta katika miji yetu inatokana na kukosea shabaha namna hii. Tunapambana na mafuta, tunapambana na doa, na katika mapambano hayo tunajeruhi ngozi kuliko chunusi zenyewe zilivyoijeruhi.

Tuanze na mafuta. Ngozi ya binadamu ina tezi ndogo za mafuta karibu kila mahali, isipokuwa viganjani na nyayoni. Usoni, kifuani na sehemu ya juu ya mgongo zimesongamana kuliko kwingine. Sentimita moja ya mraba ya uso inaweza kuwa na tezi 400 hadi 900. Karibu kila tezi imeshikamana na kinyweleo na humwaga mafuta yake humo, nayo hupanda hadi juu na kulainisha ngozi. Zinazoziamuru tezi hizi ni homoni za jamii ya androjeni, ambazo wanawake nao wanazo. Utotoni tezi hutulia. Balehe inapokaribia, homoni zinapanda, tezi zinakua, na mtoto aliyekuwa na uso mkavu anaanza kung'aa paji la uso, pua na kidevu. Ukubwa wa tezi na wingi wa mafuta hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana ndugu wawili wa nyumba moja, wanaokula chungu kimoja na kuoga sabuni moja, wanaweza kuwa na nyuso tofauti kabisa.

Mafuta peke yake hayaleti chunusi. Wapo watu wanaong'aa maisha yao yote bila kipele. Tatizo huanza pale seli zinazozunguka ndani ya kinyweleo zinapoacha kubanduka moja moja na kutoka pamoja na mafuta, badala yake zikashikana na kuwa kizibo. Mwanzoni kizibo hicho ni kidogo mno kuonekana kwa macho. Kinaweza kukaa wiki kadhaa kabla ya kujitokeza kama kipele kidogo chenye rangi ya ngozi, au, mdomo wa kinyweleo ukiwa wazi, kama kichwa cheusi. Weusi ule si vumbi la barabarani. Ni melanini na mafuta yaliyokutana na hewa, na huwezi kuuosha ukaisha.

Nyuma ya kizibo mafuta yanajaa, na humo anastawi bakteria ambaye wataalamu tangu 2016 wanamwita Cutibacterium acnes. Kabla ya hapo jina lake la kwanza lilikuwa Propionibacterium. Huyu anaishi kwenye ngozi ya kila mtu mzima, ya wenye chunusi na ya wasio nazo, kwa hiyo kumfukuza kabisa haiwezekani wala si lengo. Ila akiwa amefungiwa pamoja na mafuta, kinga ya mwili inamshambulia, ukuta wa kinyweleo unaweza kupasuka, na yaliyomo yakamwagika kwenye nyama ya jirani. Hapo ndipo tunapoona uvimbe, maumivu na usaha. Anayetumbua kwa kucha husukuma sehemu ya uchafu huo chini zaidi, ndiyo maana chunusi iliyotumbuliwa Jumatatu inaweza kuwa imevimba maradufu Jumatano.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu kutoka hapo ndipo mengine yote yanapoeleweka. Chunusi unayoiona leo ilianza wiki nyingi zilizopita. Dawa nzuri inayozuia vizibo vipya haiwezi kufuta vile vilivyokwisha kujiunda, hivyo matokeo yake yanaanza kuonekana baada ya wiki sita hadi nane na kukamilika baada ya wiki 12 au zaidi. Anayebadilisha dawa kila baada ya siku kumi hajawahi kutumia dawa yoyote.

Turudi kwenye sabuni. Mtu aliyeaminishwa kwamba mafuta ni uchafu hunawa kwa hasira. Huchukua sabuni ya mche iliyotengenezwa kwa ajili ya kufulia, au sabuni ya dawa yenye harufu ya hospitali, akasugua kwa dodoki asubuhi, mchana na jioni hadi ngozi ikaze. Kule kukaza anakuhesabu kuwa ndio usafi. Ngozi yenye afya ina tindikali kidogo, pH karibu na 5; sabuni nyingi za kipande zina pH ya 9 au 10. Kila anaponawa namna hiyo, ukuta wa juu wa ngozi unaharibika, maji yanapotea, uso unawasha na kubanduka, na siku atakapopewa dawa inayofaa hataivumilia. Tezi iliyoko chini haina hata habari. Inasikiliza homoni, na sabuni haifiki iliko. Kunawa mara mbili kwa siku, kwa vidole, kwa sabuni laini ya uso na maji ya kawaida, kunatosha. Na mara moja zaidi kwa aliyetoka jasho la mazoezi au la safari ya daladala saa nane mchana.

Kuna na dawa za jikoni: ndimu, dawa ya meno, kitunguu saumu, mate ya asubuhi. Ndimu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Maji yake yana kemikali ambazo zikipigwa na jua juu ya ngozi huiunguza na kuacha weusi unaodumu wiki nyingi, pengine miezi. Binti anayejipaka ndimu ili atoe doa kisha akatoka kwenda shule kwa miguu anajitengenezea doa kubwa kuliko lile la kwanza. Dawa ya meno na kitunguu saumu huunguza kwa njia nyingine. Urithi wa pwani siuweki katika kundi hili. Liwa iliyosagwa juu ya msio, ikapakwa, ikakauka na kuoshwa kwa maji, ni kitu cha upole. Singo ya bi harusi ni jambo jingine, maana kazi yake ni kusugua. Mwilini inapendeza, lakini juu ya uso wenye chunusi zilizovimba inapasua kile kilichotakiwa kiachwe kitulie.

Upande wa pili wa kusugua kupita kiasi ni kupaka kupita kiasi, na huku nako tuna desturi yetu. Kwetu, ngozi iliyopauka ni aibu. Mtoto anayetoka nyumbani miguu myeupe kwa ukavu anaonekana hana mama, na mama anayempenda mwanawe humpaka mafuta kuanzia kisigino hadi utosini kabla ya kumruhusu kuvuka mlango. Ni desturi ya upendo, na kwa ngozi ya mtoto mdogo haina ubaya. Lakini mtoto anabalehe, uso unaanza kujitengenezea mafuta yake, na mkono wa mazoea unaendelea kupaka yale yale. Mafuta ya nazi na siagi ya kakao, ambayo ni mazuri kwa magoti na viwiko, ni miongoni mwa vitu ambavyo vipimo vya zamani vilionyesha vinaziba vinyweleo. Vipimo hivyo vilifanywa kwenye masikio ya sungura, kwa hiyo visichukuliwe kama hukumu ya mwisho kwa kila uso wa binadamu, ila kwa mtu ambaye tayari ana chunusi ni onyo la kutosha. Mafuta mazito ya jeli yale ya kopo, cha kushangaza, hayakuziba katika vipimo vya namna hiyo. Tatizo lake kwa ngozi ya mafuta ni kwamba humwacha mtu aking'aa na kunata, naye akarudi kwenye sabuni ya mche.

Mafuta ya nywele yanastahili kutajwa peke yake. Mwaka 1970 madaktari Gerd Plewig, James Fulton na Albert Kligman walieleza aina ya chunusi waliyoiona kwa wanaume Weusi wa Marekani waliokuwa wakipaka nywele mafuta mazito: vipele vidogo vingi, vya rangi ya ngozi, vilivyopangana kwenye paji la uso na kwenye panja, pale pale mafuta yanapoteremkia. Mtu yeyote anayekaa saluni za kusuka za Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura ameiona picha hiyo. Msusi anapaka mafuta mstari kwa mstari, joto linayayeyusha, mtandio au mto wa kulalia unayaeneza, na baada ya mwezi paji la uso limejaa vipele ambavyo binti anadhani vimetokana na chakula. Kwa huyu, kupunguza mafuta yanayofika kwenye mstari wa nywele kunaweza kufanya zaidi ya krimu yoyote. Vivyo hivyo kwa dereva wa bodaboda mwenye chunusi kwenye taya tu: atazame mkanda wa helmeti yake, unaosugua mahali hapo hapo siku nzima ukiwa umelowa jasho.

Chakula ni eneo lenye maneno mengi na ushahidi mchache, ingawa upo. Kwa miaka mingi madaktari waliwaambia wagonjwa kwamba chakula hakihusiani kabisa na chunusi, wakitegemea jaribio la mwaka 1969 ambamo Fulton, Plewig na Kligman waliwapa watu 65, vijana na wafungwa, baa za chokoleti au baa nyingine za kulinganisha nazo. Hakukuwa na tofauti. Tatizo ni kwamba baa za kulinganisha nazo zilikuwa na sukari na mafuta karibu sawa na zile za chokoleti, kwa hiyo jaribio halikuweza kujibu swali ambalo watu walikuwa wanauliza. Mwaka 2002 Loren Cordain na wenzake waliandika kuhusu watu 1,200 wa kisiwa cha Kitava huko Papua New Guinea na wawindaji 115 wa kabila la Aché nchini Paraguay. Hawakuona chunusi hata moja. Mwaka 2007 watafiti wa Australia, wakiongozwa na Robyn Smith, waliwapa vijana wa kiume chakula kisichopandisha sukari ya damu kwa kasi kwa muda wa wiki 12, na chunusi zao zikapungua kuliko za wale waliokula kama kawaida.

Kitava wanakula viazi vikuu, viazi vitamu, magimbi, samaki, matunda na nazi, tena nazi nyingi kila siku. Hilo lingepaswa kuwatuliza watu wa Tanga na Lamu: nazi ndani ya mchuzi si sawa na nazi juu ya uso. Mafuta unayokula hayasafiri kwenda kutokea puani. Karanga, parachichi na nyama ya mafuta, ambazo kila shangazi huzituhumu, hazina ushahidi wa maana dhidi yake. Kinachotiliwa shaka ni sukari na wanga uliokobolewa, soda, mikate myeupe, maandazi, chai yenye vijiko vinne, pamoja na maziwa kwa baadhi ya watu, na unga wa protini ya maziwa ambao vijana wa jimu wanaunywa bila kipimo. Sukari inapopanda kwa kasi, insulini nayo hupanda, na insulini nyingi huchochea homoni zile zile zinazoziamuru tezi. Lakini niseme wazi kwamba chakula ni mchango mmoja kati ya mingi. Kumlaumu binti kwa kile anachokula, wakati urithi na homoni ndizo zenye sauti kubwa, ni kumwongezea mzigo bila kumpa dawa.

Sasa doa, ambalo kwangu ndiyo sura nzito kuliko zote.

Ngozi nyeusi ina chembe za kutengeneza rangi zenye kujibu haraka. Inapovimba kwa sababu yoyote, iwe chunusi, kuumwa na mbu au kuungua mafuta ya kukaangia, chembe hizo humwaga melanini zaidi mahali pale. Chunusi inapona baada ya siku saba. Weusi wake unabaki miezi, na melanini iliyodondokea tabaka la chini la ngozi inaweza kubaki miaka. Kwa Mzungu, chunusi inaacha wekundu unaofifia. Kwa Mwafrika inaacha kumbukumbu. Ndiyo maana wengi wanaofika kliniki za ngozi wanalalamikia madoa kwanza na chunusi baadaye, na ndiyo maana ushauri uliotafsiriwa kutoka magazeti ya Ulaya mara nyingi haumjibu msomaji wetu. Kwa ngozi yetu, chunusi ndogo isiyotibiwa mapema ina gharama kubwa, na kila kitu kinachoichokoza ngozi, hata dawa sahihi iliyopakwa kwa pupa, kinaweza kuongeza doa lingine.

Doa la namna hii lina desturi ya kufifia lenyewe, mradi uvimbe mpya ukome na jua lisiliivishe. Hapo pana mambo mawili ya kufanya, yote ya subira: kuzuia chunusi mpya, na kujikinga na jua. Watu wengi weusi wameambiwa kwamba sanskrini ni ya Wazungu na ya ndugu zetu wenye ualbino. Melanini inalinda kweli dhidi ya kuungua, lakini haizuii doa kukolea, na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho nao hukoleza ngozi nyeusi. Sanskrini yenye rangi ya udongo, iliyotiwa oksidi za chuma, huzuia na mwanga huo. Kwa asiyeweza kuinunua, kofia pana, mtandio uliovutwa mbele na upande wa kivuli wa barabara si vitu vya kudharau.

Lakini subira haiuzwi dukani. Kinachouzwa ni kopo. Kopo hilo halina lebo, au lina picha ya mwanamke mweupe na maandishi machache. Muuzaji amelijaza mbele ya mteja au nyuma ya pazia: vijiko vya krimu ya kawaida, tyubu mbili tatu zilizokamuliwa, matone ya kichupa cha mafuta, kisha akakoroga. Mkorogo. Ukiiokota tyubu moja iliyotupwa kwenye ndoo ya taka na kuisoma maandishi yake madogo, utakuta jina la dawa kama klobetasoli na kipimo cha asilimia 0.05. Hiyo ni steroidi, miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote za kupaka. Ilitengenezwa kwa magonjwa mazito ya ngozi, ipakwe kwa wiki chache, tena mara nyingi si usoni. Nyingine ina betamethasoni iliyochanganywa na dawa ya fangasi na antibaiotiki, ile krimu ya mseto ambayo famasi nyingi huitoa bila cheti kwa kila kipele, kila muwasho, kila kitu.

Siku za kwanza kopo linafanya maajabu, na hili lazima likubaliwe, kwa sababu ndilo linalowanasa watu. Steroidi inazima uvimbe. Chunusi zinanywea, doa linapungua, uso mzima unang'ara, na jirani anauliza unatumia nini. Miezi inapita. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaonekana mashavuni, malaika yanaota kwenye taya, michirizi inajitokeza. Kisha zinakuja chunusi mpya, ndogo ndogo, zinazofanana zote kana kwamba zimepimwa, zikitapakaa usoni na kifuani, nazo zimeletwa na steroidi yenyewe. Mtu akiacha kupaka, uso unawaka, unavimba na kuwasha; akirudia kupaka, unatulia. Anasadiki kwamba ngozi yake haiwezi kuishi bila kopo. Na ikiwa ndani yake mna haidrokwinoni iliyotumika miaka mingi, mashavu yanaweza kupata weusi wa bluu ambao ni vigumu sana kuutoa. Ikiwa mna zebaki, madhara yanafika hadi kwenye figo.

Sheria hazikosekani. Mkataba wa Minamata unaohusu zebaki ulianza kutumika mwaka 2017, ukapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni kuanzia mwisho wa 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuiondoa kabisa kwenye vipodozi. Tanzania ilikataza viambato hivi zamani, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Rwanda ilifanya msako wa nguvu madukani mwishoni mwa 2018. Naunga mkono misako hiyo, ila nadhani kampeni zetu zinamkosea heshima mtumiaji. Zinamsema kana kwamba alitaka kuwa Mzungu. Wapo wa hivyo. Lakini wapo wengi ambao hawakutaka weupe wowote. Walitaka uso wa rangi yao, rangi moja, usio na madoa. Waliingia kwenye mkorogo kupitia mlango wa chunusi, na hakuna aliyewaonyesha mlango mwingine.

Mlango huo upo. Dawa ya kwanza ni benzoili peroksaidi, jeli inayoua bakteria na kulegeza kizibo, ambayo bakteria hawajajifunza kuizoea. Utafiti wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba kwenye chunusi zilizovimba nguvu ya asilimia 2.5 ilifanya kazi sawa na ya asilimia 10, kwa muwasho mdogo zaidi. Kwa ngozi inayoacha madoa, anzia hiyo ya chini. Na uwe na taulo jeupe na foronya nyeupe, kwa sababu jeli hii inababua vitambaa. Kanga nzuri itapata mabaka yasiyotoka.

Ya pili, na kwangu ndiyo nguzo, ni retinoidi: tretinoini au adapalini. Hizi zinafundisha seli za ndani ya kinyweleo kubanduka inavyotakiwa, hivyo zinashughulika na kizibo chenyewe. Hupakwa usiku, kiasi cha punje moja ya kunde kwa uso mzima, kwenye ngozi kavu. Hupakwa eneo lote linalotoka chunusi, kwa kuwa kazi yake ni kwenye zile ambazo bado hazijaonekana. Wiki za mwanzo ngozi hubanduka na huenda chunusi zikaonekana kuongezeka. Wengi huishia hapo. Kuanza mara mbili au tatu kwa wiki, na kupaka losheni nyepesi kabla au baada, huwavusha wengi. Retinoidi husaidia madoa nayo. Mjamzito asizitumie. Kligman, aliyeiingiza tretinoini kwenye tiba ya chunusi, alizifanyia majaribio dawa nyingi kwenye miili ya wafungwa wa gereza la Holmesburg huko Philadelphia, wengi wao wakiwa Weusi, na naona ni haki wanaofaidika leo walijue hilo.

Kuna asidi ya salisiliki, inayopatikana katika sabuni na vimiminiko vingi kwa nguvu ya hadi asilimia 2, yenye kufaa kwa vichwa vyeusi. Kuna asidi azelaiki, ambayo hupambana na chunusi na madoa kwa pamoja na ambayo mjamzito anaweza kuitumia. Ningependa kuiona kwenye kila famasi, na bado si rahisi kuipata. Antibaiotiki, iwe klindamaisini ya kupaka au doksisaiklini ya kumeza, zina nafasi kwa chunusi zilizovimba, kwa miezi mitatu hivi, zikiambatana na benzoili peroksaidi au retinoidi. Kuzitumia peke yake, au kumeza vidonge vitano kisha kuacha, ni kuzalisha bakteria sugu ambao kesho tutakutana nao kwenye ugonjwa mzito zaidi.

Si kila kipele ni chunusi. Vipele vinavyowasha sana, vyote vya ukubwa mmoja, kifuani na mgongoni, vinaweza kuwa fangasi wa vinyweleo, ambao antibaiotiki huwaongeza. Vipele vya shingoni kwa mwanamume anayenyoa chini kabisa ni nywele zilizojipinda na kuingia ndani. Dawa yake ya kwanza ni kuacha kunyoa hadi ngozi. Vinundu vigumu kisogoni, pale mashine ya kinyozi inapopita, visipotibiwa mapema hugeuka makovu makubwa yanayoota.

Na zipo chunusi zinazotaka jicho la daktari tangu mwanzo. Mwanamke ambaye hedhi yake haieleweki, ndevu zinaota kidevuni na chunusi zimejaa kwenye taya, apimwe homoni na ovari. Aliyezidiwa na chunusi baada ya kuwekwa kijiti au kuanza sindano ya uzazi wa mpango arudi kliniki kuzungumza juu ya njia nyingine, asikae kimya na asiache kinga bila mpango. Mgonjwa wa kifua kikuu akitokwa chunusi wakati wa tiba aelewe kwamba isoniazidi inaweza kuzileta. Asiache dawa kwa sababu hiyo. Mwenye vinundu vya kina vinavyouma, au ambaye familia yao ina makovu ya kuota, asingoje, kwa sababu kovu halirudi nyuma. Kwa wenye vinundu na makovu ya namna hiyo ipo isotretinoini, vidonge vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1982, dawa inayozipunguza tezi zenyewe. Inafanya kazi kuliko zote na inaharibu vibaya mtoto aliyeko tumboni, kwa hiyo mwanamke hapewi bila kipimo cha mimba na kinga ya uhakika, hadi mwezi mmoja baada ya kidonge cha mwisho.

Madaktari bingwa wa ngozi ni wachache kwetu. Lakini tangu 1992 kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika, na baadhi yao wanafanya kazi katika hospitali za mikoa na wilaya ambako wagonjwa hawajui kama wapo. Uliza kwenye hospitali ya mkoa siku ya kliniki ya ngozi. Ukienda, usijipodoe, na ubebe kila ulichowahi kujipaka: sabuni, tyubu, mafuta ya nywele, na lile kopo lisilo na lebo. Usilifiche kwa aibu. Kama mna steroidi ndani yake, daktari atapaswa kukuachisha kidogo kidogo kabla ya kuanza tiba ya chunusi, na hawezi kujua hivyo asipoliona.